Uamuzi wa Kuigiza Pale Marui

Kibaha, Alhamisi, masika ya 1977.

Mvua imeanza alfajiri. Hasira yangu imeanza saa nne, na haina dalili ya kukatika.

Kesho natumwa Marui kuwaambia watu wairudishe mbolea kwenye stoo iliyo juu ya kisima chao.

Mimi ni dereva wa chuo. Nawaendesha wasomi wenye digrii moja wanaotafuta ya pili, wanaosomea namna ya kuyafikisha mambo ya naitrojeni kwa watunga sera. Wanapima udongo, wanapima maji, halafu wanajifunza kuzungumza na wakubwa bila kuwatia usingizi.

Kisima cha Marui walikikuta kimeingiwa na mbolea ya chumvichumvi. Stoo ya shamba la ujamaa iko mlimani, paa linavuja, mvua inayeyusha magunia na kuyateremsha majini. Mtoto mchanga akinywa maji hayo, damu yake inashindwa kubeba hewa. Kuyachemsha hakusaidii. Shangazi yangu Mwanahawa analea pale mjukuu aliyefiwa na mama, na maziwa ya kopo anayakorogea maji hayohayo.

Jumatatu wakafanya zoezi kijijini. Mushi, mmoja wa wanafunzi, alivaa suti ya mikono mifupi akaigiza mkubwa wa wilaya. Wenzake wakamshawishi kwa hoja. Wanakijiji wakaombwa wakae wasikilize, ili ionekane kama kweli.

Ikaonekana kama kweli.

Mushi alikohoa, akasema, "Ndugu wananchi, nimeamua. Mbolea ihamishiwe ghala la zamani la korosho, ng'ambo ya barabara, mteremkoni chini ya kisima."

Makofi. Daktari, mkuu wa mafunzo ambaye hajapata kutibu mtu, akampa alama za juu. Tukapanda Landrova tukaondoka, na hakuna aliyewaambia watu kwamba mchezo umekwisha.

Kufikia magharibi, magunia yote yalikuwa yamehama. Wangesitaje? Wao wenyewe walihamishwa, na nyumba na kuku, kwa maneno ya mtu mwenye suti kama ile.

Leo mkubwa wa kweli amepiga simu akiuliza nani kaamua. Daktari akaniita.

"Athumani, kawaeleze lilikuwa zoezi tu. Wairudishe mbolea."

"Daktari, kisima si cha kuigiza."

"Tutaandika mapendekezo. Yatapita kamati."

"Kamati inakaa lini?"

"Baada ya mavuno."

Nikamgeukia Mushi. "Na wewe mkubwa, unasemaje?"

"Usinitanie, Bwana Athumani. Nina mtihani."

Wangekuwa hawajui, ningewasamehe. Wanajua kuliko mimi. Wamekaa darasani wakisaka jinsi ya kuunganisha elimu na uamuzi. Vimeungana mara moja tu, alasiri moja, na sasa tunaona aibu.

Nitakwenda. Nikikataa atatumwa mwingine, na huyo ataufikisha ujumbe.

Nitamwamkia mwenyekiti wa kijiji, nitamwambia mkubwa ameridhika sana na kazi yao. Kisha nitaongeza kwamba mkubwa ameagiza maji ya watoto wachanga yachotwe kwenye bomba la shule mpaka kisima kipimwe tena. Mkubwa wa kweli wa wilaya akitaka kuhakikisha, aje. Barabara ile, kwa masika haya, haipitiki na Peugeot yake.

Nikirudi, Daktari ataniuliza kama ujumbe umefika.

Nitamjibu umefika. Hataniuliza upi.