Jina ya Baba Katikati ya Mayi

Mama yangu mupendwa,

Wavukire. Nasalimia wewe wa kwanza, kisha bote benye banakaa karibu na moto wakati Masika anakusomea. Magoti yako inaendelea aje na ile baridi ya Butembo? Maharagi imeota muzuri? Ile mbuzi yako ya kichwa nguvu ingali inakula nguo za batu ku kamba? Na njia ya Kayna, imefunguka ao basoda bangali banaweka barrière? Mimi niko muzima. Nimekonda kidogo, lakini meno yote iko.

Masika, dada yangu, wewe unasoma: soma yote. Nakujua. Ukifika fasi yenye inakuchoma, unarukaka. Leo usiruke.

Mama, usishituke. Siandike tena toka ule muji wa Cap, kule kusini kabisa. Niko katikati ya bahari, mu mashua moja kidogo sana, ukichukua jikoni yetu na kibanda ya mbuzi ukaunga, umeipita urefu. Kamashini kake ka mafuta ya mazutu ni ya kuingia na kutoka ku port tu. Mu bahari inatembea na upepo: kuko kitambaa moja kubwa, banaita voile, inajaa upepo na inatuvuta. Tuko batu babili tu, mimi na mwenye mashua, Madame Odile. Ni mujane Mufaransa, nywele nyeupe, mudomo makali kupita ya shangazi. Ku Cap nilikuwa napaka rangi mashua za bazungu. Akasikia nasema kifaransa, akaniuliza kama naogopaka mayi. Nikasema hapana. Aka! Uongo mutupu! Tunaenda Brésil. Yee hawezi tena kuvuta kamba zote peke yake, na mimi ku Cap sikukuwa tena na karatasi hata moja ya kunikalisha.

Mwanzo nilitapika mupaka nikafikiri tumbo itatoka yote. Sasa nimezoea. Yee akilala, mimi nachunga gouvernail, ule usukani. Mimi nikilala, yee anachunga. Nikienda mbele kugusa voile, ananifunga kamba ku kiuno sawa mbuzi ya soko. Mimi nilikuwa nachekaka. Yee hachekake. “Kamba, Paluku,” anasema, “kila mara, hata kama ni dakika moja.” Sikujua bado sababu.

Na nikuambie kitu yenye itakuchekesha. Mbele ya kuondoka, alinituma nipange chakula. Mimi mutoto wako, nimekomalia mu karoti na mashu, ile kabichi! Nikafanya sawa unafanyaka siku ya mbele ya soko: nikaosha karoti zote, viazi vyote, mashu yote, mupaka vikang’aa. Hata mayai nikaosha. Nikajisifu kabisa. Kumbe mu bahari kitu ya kuoshwa inaoza mbio. Hatukukuwa hata mbali na inchi kavu, viazi vikaanza kunuka, na mayai, ee Mungu wangu! Madame akafunga pua, akalalamika: “Lakini ni nani ameosha hii vitu?” Nikajibu: “Ni mama alinifundisha.” Njo mara ya kwanza nilimuona anacheka. Sasa tunakula muchele na samaki yenye tunashika sisi wenyewe. Bugali na sombe, ile majani ya muhogo, naota tu.

Sasa, Mama, nakuya ku maneno ya barua yako, ile Hassani wa magari ya Beni alinitumia kwa mikono ya barafiki zake. Uliandika kwamba Baba mudogo ameuliza tena mambo ya mugomba. Uliandika kwamba bazee banataka kuzika mugomba ya ndizi fasi ya baba, sawa banafanyaka kama mutu amepotea na mwili haionekane, ili matanga iishe. Na wewe ukabajibu: “Tunangojea Paluku.” Nilisoma ile maneno mbili mupaka karatasi ikalegea. Basi ungali unalala chini ku mukeka. Haujanyoa. Hauendi ku arusi ya mutu, hauendi hata ku ubatizo ya mutoto wa mudogo wangu Kambale. Yote ile ni juu yangu.

Nakumbuka yote. Baba alienda Kayna kuchukua maharagi. Karibu na Alimbongo, batu ba bunduki bakasimamisha camion yenye alipanda. Convoyeur, musaidizi wa dereva, alirudi kwa miguu, baba hapana. Na siku bazee bilikuya na mugomba yao, mimi njo nilinyanganya Baba mudogo jembe mu mikono, nikaitupa mu majani. Nikasema mimi ni mutoto wa kwanza, hakuna mutu atazika baba mu lupango hii, mu kiwanja yetu, kama sijamuona na macho yangu. Nikasema naenda kumutafuta, nitarudi mbele ya mavuno. Nikatafuta Kasindi. Nikatafuta mu makambi ya Uganda. Kila fasi mutu alisema, ndiyo, nimeona muzee mumoja Munande kule mbele, na mimi nikaenda kule mbele. Angalia sasa fasi nimefika.

Juzi asubuhi, jua muzuri, upepo muzuri, Madame akashusha voile. Mashua ikasimama, ikaanza kutikisika tu. Nikamuuliza nini imevunjika. Akasema hakuna. Akakaa, akaangalia mayi.

“Ni hapa karibu,” akasema. “Marcel alipotelea hapa karibu.”

Marcel ni bwana yake. Bilikuwa babili tu, sawa sisi. Yee alishuka chini kupika kahawa, bwana akabaki juu, bila kamba, anakojoa pembeni sawa banaume bote banafanyaka. Alipanda na vikombe vyake mbili, akakuta hakuna mutu. Hata kelele hakusikia. Akageuza mashua, akazunguka, akaita, akazunguka tena mupaka mazutu ikaisha. Kahawa ilikuwa ingali moto alipopanda, Mama. Ile njo alirudilia kusema.

Kisha akaniambia: “Paluku, omba. Mu luga yako. Marcel alipendaka kusikia luga za batu.”

Nikavua kofia. Nikafunga macho, nikaanza sala ya bafu mu Kinande, ile tunasemaka ku kaburi. Nikafika fasi ya kutaja jina ya mutu. Nilitaka kusema Marcel, nakuapia. Kinywa yangu ikasema Kasereka.

Nikafungua macho. Mama, unajua mimi. Kila mwaka, mwezi wa bafu, wakati batu banapelekea padri majina, nani alikatala, hata kwa barua, jina ya baba isiandikwe? Ni mimi. Na sasa imetoka yenyewe, mbele ya Muzungu, katikati ya mayi.

Madame hasikie Kinande, lakini alisikia kwamba ile haikukuwa Marcel.

“Kasereka ni nani?”

“Ni baba yangu.”

“Alikufa?”

Nikajibu: “Ndiyo.”

Nililia, Mama. Nililia mupaka makamasi ikaingia mu ndevu. Yee hakunigusa, hakuniambia nyamaza. Alingoja. Kisha tukarudia sala kwa jina zote mbili, akapandisha voile, na akanituma nitengeneze samaki.

Sikiliza sasa neno ya mutoto wako wa kwanza. Muzike mugomba. Mukate mugomba moja muzuri ya nyuma ya jikoni, muivalishe koti ya baba ya Misa, muilalishe karibu na kaburi ya Babu. Kambale atupe udongo ya kwanza fasi yangu. Namupatia ile haki, bazee basimukataze. Jina ya baba mupelekee padri. Kisha wewe unyoe, Mama, na urudie ku kitanda yako. Usiningojee. Kutoka Brésil sijue kama ni mwaka ao ni miaka, na sitaki tena mutu alale chini juu ya kungojea mimi.

Hii barua nitaiweka ku poste ya kisiwa kimoja chenye tutapita mbele ya Brésil. Salimia Baba mudogo, umuambie anisamehe mambo ya jembe. Salimia Kambale, bibi yake na mutoto wao mwenye sijaona. Salimia shangazi wa Beni, asinikasirikie juu ya ile neno ya mudomo. Hassani naye, mushukuru sana. Masika, wasingya, aksanti, kama kweli haukuruka.

Bado neno moja, Mama. Kama siku moja baba anaingia mu lupango na miguu yake, akakuta kaburi yake, musikimbie. Mumupatie kiti na mayi ya kunywa. Kisha mumuambie ni Paluku njo alimuzika. Wewe ulimungojea mupaka mimi nikakukataza. Anikasirikie mimi.

Mutoto wako wa kwanza,
Paluku