Sahani Iliyorudi Imejaa

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Reem, binti wa marehemu ndugu yangu Sleyum, amenichukua leo hadi mtaa wa Ghubra kunionyesha mkahawa wake. Nyama za kuchoma za Kituruki, makaa, mabomba mapana ya kuvuta moshi. Mpishi ametoka Uturuki, wanamwita Usta. Kwao wana chakula cha ngano na nyama, hupondwa kama boko boko letu. Reem amekioanisha na lile la baba yake: huliacha ligande, hulikata vipande, kisha hulichoma na kulimwagia siagi yenye pilipili nyekundu.

Nimeonja kijiko kimoja. Subhanallah! Mkono wa Sleyum hasa. Nimeweka kijiko chini.

“Ami, hulitaki?”

Nimesingizia meno.

Nyumbani nimemhadithia mke wangu Kheiria. Amecheka hadi machozi. Boko boko la kuchoma! Kesho, kasema, watatuchomea uji.

Jumatano, 5 Novemba

Kanzu imefuliwa mara mbili. Kheiria hasikii harufu yoyote ya moshi. Mimi naisikia — katika kilemba, katika mswala.

Alasiri, msikitini Al Khuwair, safu ya mbele: kisogo cha Sleyum. Kovu lile lile chini ya sikio. Sikujua nilichosoma rakaa zote nne. Nilipotoa salamu, mahali pake pana nguzo. Nimeirudia swala peke yangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Reem amekuja na karatasi ya vyakula, itachapwa Jumamosi. Amenisomea kwa sauti: “Boko boko la ndugu wawili. Sleyum alilipika, Muhanna alilipenda. Walilila katika sahani moja mpaka kifo kilipowatenga.” Muhanna ndiye mimi.

“Si ndivyo, Ami?”

Nimesema: Mungu amrehemu.

Hilo si jibu. Yeye amelichukua kuwa ndiyo.

Ijumaa, 7 Novemba

Niandike, maana kusema sijapata kusema.

Mama yetu alipofariki, Sleyum alitangulia kumsalia jeneza. Mimi mkubwa, mimi niliyekaa miaka mbele ya masheikh kutafuta elimu, nikabaki nyuma yake. Nikamnunia mwaka mzima. Ramadhani ikaingia. Nyumba zetu zilikuwa ukuta kwa ukuta. Kabla ya magharibi akaja mwenyewe na boko boko, limefunikwa kawa, moshi ungali unatoka. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hutiwa japo tende tatu. Mimi niliirudisha imejaa. Nikamwambia pale pale mlangoni: kawalishe waliosali nyuma yako.

Aliiweka sawa kawa, akaenda zake.

Siku ya nne baada ya Idi moyo wake ulisimama. Jeneza lake nililisalia mimi. Nilitangulia. Hakuna aliyenizuia.

Miaka arobaini nimewafundisha watu kwamba haki ya mja haifutiki mpaka mja mwenyewe asamehe. Na mja wangu yuko makaburini. Aliyebaki ni binti yake, ambaye kila Ijumaa huja kunywa chai kwangu, kunibusu kichwa, na kusema kwamba ndani yangu anamwona baba yake. Leo pia amesema hivyo. Chai sikuimaliza.

Jumamosi, 8 Novemba

Kheiria siku ile ya sahani alikuwa nyuma ya mlango, alisikia yote. Nimemwambia nataka kumweleza Reem.

“Baba Jaifar, nyamaza! Mtoto ana furaha. Wataka kutua mzigo wako, umtwike yeye?”



Karatasi zimechapwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Ghubra, chumba kidogo nyuma ya jiko. Nnaandika kwa penseli. Leo mkahawa unafunguliwa, ukumbi umejaa wageni. Reem anataka nisome dua, kisha nitoe shahada yangu mbele yao juu ya sahani ya ndugu wawili. Shahada, ndilo neno alilotumia. Maskini, hajui uzito wake.

Nyuma ya mlango naisikia sauti ya Sleyum ikihesabu sahani. Najua ni Usta. Najua.

Reem amegonga. “Yalla, Ami, chakula kinapoa!”

Nimemwambia waache wangoje. Ingia, mwanangu. Funga mlango.

Ameingia anacheka: “Mbona umekaa kama kadhi, Ami? Nimeshtakiwa nini?”

Si wewe, ni mimi, nimesema.

Amekaa. Ameacha kucheka. Naweka penseli chini nimweleze ya sahani ile.