Hema la Nguo Nyeupe

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Agosti, 1956

Kwa dada yangu mpendwa Mboni,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Kilosa, wewe na shemeji na watoto, na lile goti lako liwe limeacha kukusumbua. Sisi huku tuna afya, ila kukukumbuka tu. Baridi ya mwaka huu si mchezo, hata Nassibu, unayemjua kwa kutembea kifua wazi, sasa ananinyang'anya shuka. Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Nilikuwa na kazi iliyonikosesha raha, na ndiyo ninayotaka kukueleza.

Mdogo wetu huyo bado yuko Mchafukoge kwa Bwana Harshad, mwenye duka la picha. Ameiva katika kazi. Wateja wengine wakimkosa huondoka. Sasa Bwana Harshad ameingiwa na hamu ya kwenda milima ya Uluguru kabla ya mvua za vuli, apige picha za mbega na, Mungu akipenda, chui. Wamepanga safari hiyo mpaka sisi wengine tumeichoka masikioni: treni hadi Morogoro, kisha wapagazi, kisha kulala msituni. Mtu mmoja atajificha peke yake ndani ya hema dogo, jicho la kamera likichungulia tunduni, amsubiri mnyama. Mtu huyo akawa Nassibu. Alifurahi, dada, utadhani kakubaliwa posa.

Hema nikapewa mimi nilishone. Bwana Harshad alilitaka jepesi, la marekani, ile nguo nyeupe ya pamba, litiwe rangi ya majani likishakwisha. Nilimwita Nassibu barazani nimpime, maana lilipaswa kumtosha akikaa na akilala. Akajinyoosha juu ya mkeka, mikono ubavuni, akafumba macho kunitania. Nilimfokea ainuke. Wewe unajua niliona nini. Baba aliwapima watu wengi namna ile, kwa uzi kama ule, juu ya nguo nyeupe kama ile. Alipotufundisha mimi na wewe kushona sanda, alituonya tusifunge fundo hata moja. Uzi wa maiti unapita tu, haufungwi.

Basi nikashona, mishono mingine kwa cherehani, pembeni kwa mkono, na kila mwisho wa uzi nikaufunga fundo. Asubuhi nikakuta vifundo vyote vimefunguka. Uzi haukukatika wala haukugugunwa na panya. Umelala umenyooka, kama haujapata kukunjwa. Nikajicheka, nikasema mkono una mazoea yake, labda nilishona kama baba bila kujijua. Nikafunga upya, mara hii nikimwita Sitara, jirani yangu muuza vitumbua, anishuhudie. Naye akafunga vingine kwa mkono wake, akajisifu kuwa fundo lake halifunguki hata kwa meno. Kesho yake alikuja kutazama, akavikuta na vyake vimefunguka, na tangu hapo hapiti barazani kwangu. Bwana Harshad nilipomweleza alicheka, akasema nguo mpya ina dondo, ule wanga wa kiwandani, uzi unateleza, niiloweke. Nikailoweka. Ikawa vilevile.

Jumapili wakalijaribu Mnazi Mmoja, wapige picha za kunguru. Nassibu akaingia ndani, mimi na Bwana Harshad tukasimama kando. Haukupita muda, kunguru wakatua juu ya hema wakatulia, wakichokoa mabawa yao, kana kwamba ndani hamna mtu. Nikaliita jina lake. Nikaita tena kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya Kivukoni, mpaka wapita njia wakageuka. Nikaenda nikafunua. Alikuwa amekaa, macho wazi, mikono ya baridi, akaniuliza kwa nini nimewafukuza kunguru wake. Kuitwa, hakusikia hata mara moja. Bwana Harshad alimsifu kwa utulivu. Mimi nikaanza kulikunja hema.

Nilimsihi asiende. Akasema nina wivu, nataka abaki kunitungia uzi kwenye sindano mpaka azeeke. Maneno yale yaliniuma sana. Lakini mama alipokuwa anakata roho pale Lindi, alinishika mkono akalitaja jina la Nassibu. Ulikuwapo, ulisikia.

Sasa dada, nisikufiche. Nilikwenda kwa Bwana Harshad peke yangu, nikamwomba nikae mimi ndani ya hema. Nikamwambia fundi wa cherehani amezoea kukaa mahali pamoja kutwa, na duka lisibaki bila mpiga picha. Akafikiri, akakubali, akanionyesha pa kubonyeza. Nassibu anadhani ni uamuzi wa tajiri wake. Amenuna, hataki hata kula nami sahani moja. Tafadhali usimwambie.

Jioni ile nikafunga vifundo tena. Asubuhi nikavikuta vimeshika. Vimekaza kuliko mkono wangu unavyokaza, ncha ya sindano haipenyi, na pale nilipopasahau pamefungwa pia. Labda hema sasa limekuwa hema tu. Au labda aliyekuwa akifungua amepata alichokitaka. Naogopa, dada, sitakudanganya. Ila ninapomwona Nassibu akirudi jioni na uso wake wa kununa, moyo wangu unatulia.

Tunaondoka Alhamisi. Ramadhan, huyu wa reli anayekuletea barua, nimempa pia marekani iliyobaki. Iweke sandukuni, usiikate wala usimpe mtu. Nikirudi salama nitapitia hapo Kilosa nikushonee foronya. Nisiporudi, Morogoro si mbali na kwako. Marekani hiyo nimekwisha kuipima, inanitosha, na kushona kwake unakujua.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto wote. Nassibu naye anakusalimu, ingawa hajui kuwa nimekuandikia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Shomari