Tiki Niliyoiweka Kwenye Kadi ya Skola

Ijumaa. Mvua imenyesha tangu alfajiri, usipa wa watu, dagaa wa ziwa letu, umeloa kwenye vichanja vya kuanikia, na mimi nimekaa barazani kwa mama, kompyuta mapajani, moyo mzito.

Nilishuka jana kutoka Mbinga, ninakofanya kazi maabara, nijiandae kwa utulivu. Jumatatu nina usaili wa nafasi ya uzamivu: miaka minne ya kuchunguza chanjo za kunywa na kinga inayojengwa kwenye utando wa ndani wa utumbo. Kwa nini chanjo hizi mara nyingi hushika vizuri kwa watoto wa nchi tajiri kuliko kwa wetu? Swali hilo limenikaa kichwani miaka. Nimeomba nafasi za namna hii mara tatu, nikakataliwa zote.

Safari hii profesa alinijibu mwenyewe. Kilichomvutia, aliandika, ni kisa nilichofungulia barua yangu: mtoto wa kijijini kwetu aliyekunywa chanjo ya kipindupindu, na mvua zilipoanza akaugua hadi akatundikiwa dripu.

Mtoto huyo ni Skola, binti wa mama yangu mdogo.

Hakunywa.

Sijawahi kulisema hili popote. Wakati ule nilikuwa binti wa kujitolea kwenye kampeni, kazi yangu kugawa vichupa na kutia tiki. Mama mdogo alikunywa chanjo yake, kisha akaomba na ya Skola, aliyekwenda na baba yake kijiji cha pili kwa mtumbwi. Huku kwetu mama humpokelea mtoto asiyekuwepo kila kitu, hata zawadi za Krismasi kanisani. Hairuhusiwi kwa chanjo, nilijua. Lakini unamkatalia vipi mama mdogo mbele ya foleni nzima? Nikampa kichupa, nikatia tiki kwenye kadi, nikamsisitiza kisipate joto.

Ziwa likachafuka, mtumbwi ukalala hukohuko. Siku ya pili jua likawaka, mama mdogo akaona dawa itaharibika. Akainywa yeye.

"Sasa ningemwaga dawa ya watu?" aliniambia.

Nilicheka. Tiki sikuifuta. Skola alipougua, aibu ikanifunga mdomo. Na mwaka huu, nilipohitaji kisa cha kumgusa profesa, nikakiandika kama kadi inavyosema. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto wa shule, mara hii nilijua kabisa ninachofanya.

Labda ningeendelea kunyamaza. Lakini asubuhi nilikwenda kuwaamkia nyumbani kwa mama mdogo. Skola, ambaye sasa ni mama, alikuwa mlangoni na mwanawe mgongoni, anampeleka kliniki kwa matone ya chanjo.

"Unamlowesha mtoto bure," baba mdogo, baba yake, akamwambia. "Hayo ya kunywa hayafanyi kazi. Wewe mwenyewe ulikunywa, nikakubeba mikononi umelegea. Kadi ninayo."

Kadi anayo kweli. Ameihifadhi ndani ya kitabu cha sala, na kumbe miaka yote hii amekuwa akiwaonyesha watu.

Mama mdogo aliniangalia. Nikamwangalia. Skola akafungua kanga, akamshusha mtoto; kliniki hakwenda.

Nilirudi hapa barazani, nikafungua kompyuta. Nimesoma vitabu vyote hivyo nitafute kwa nini chanjo haishiki kwa watoto wetu, na ndani ya ukoo wangu mwenyewe sababu moja ni mimi.

Nimemwandikia profesa. Nimemweleza yote, bila kujipamba: mtoto hakunywa, nilijua, niliandika uongo. Huenda Jumatatu hakuna usaili tena. Nimelia kidogo, siwezi kuficha. Nafasi hii niliitaka sana.

Mvua imekatika, na kliniki haijafungwa. Nakwenda sasa hivi kwa baba mdogo, nimwombe ile kadi, nifute tiki yangu mbele yake na mbele ya Skola. Huyo mzee namwogopa kuliko profesa.

Akiuliza ni nani aliyeinywa dawa ya Skola, nitasema kalamu nilishika mimi.