Mujukulu Ananiomba Baraka

Katuba, Alhamisi mangaribi.

Basi leo tena majirani bamejaa mu nyumba yangu kama iko kilio. Mujukulu wetu Kabeya ametuma barua toka kule ku vita, askari mwenzake mwenye kuwa ku likizo ameileta, sababu simu bamebakataza. Bote banataka kusikia kama amebasalimia.

Mama Odile, muuza munkoyo, ile pombe tamu ya mahindi, wa kwenye kona, amesalimiwa mbele ya prezida wa korale. Prezida akakunja uso.

"Mutoto huyu nilimufundisha kuimba, sasa anatanguliza munkoyo?"

Mama Odile akamujibu: "Papa, kule ku vita bantu banakumbuka kile kilikuwa kitamu."

Nilicheka mupaka nikakohoa.

Kisha ikafika fasi yangu. Kabeya na miye tunatukanana tangu alianza kusema, ndiyo desturi ya kambo, babu ao nyanya, na mujukulu. Kila barua ananiandikia: "Weye muzee, haujakufa tu? Nirudishie muke wangu." Muke mwenyewe ni Agnès wangu, kambo yake.

Leo ameandika: "Kambo yangu mupendwa, naomba baraka yako."

Agnès akapiga makofi. "Jeshi imemupa adabu!"

Adabu! Alijitolea mwenyewe kwenda, na siku ya kuaga aliniita mbuzi kilema. Mutoto wa vile haombi baraka bure. Kabeya iko na woga. Sikubaambia.

Mwenzake anarudi kesho, nimemupa majibu: "Baraka sina. Agnès amezidi kuwa muzuri, na tunalala vizuri sana bila weye. Kama unabisha, kuya hapa unitoe ku kitanda mwenyewe."