Mjomba Anadai Mkono wa Sweta

Mshauri wangu Nelius, Bwana asifiwe. Nisaidie kabla ya Jumamosi kwa sababu nimeomba mpaka magoti yamechoka, na hapa Nkubu sina wa kumwambia bila jambo hili kufika kanisani kabla yangu. Binti yangu Kagwiria anaolewa na Muchangi, kijana wa Karurumo, mpole, anaimba kwaya, na siku ya kuleta mbuzi wa mahari tulichinja kuku tukangoja, naye akaja bila hata kamba, amebeba mfuko, akatoa sweta ya rangi ya maziwa akasema, "Baba, hii ni kashmia, imefumwa kwa manyoya ya mbuzi wanne. Hao hapo." Nikajua mzee wangu Kobia atamfukuza, lakini aliivaa, akajipapasa kifua, akasema ni laini kama shavu la mtoto na hajawahi kuona mbuzi wasiokula mahindi ya jirani, akapokea. Tangu hapo haivui hata shambani, na akiulizwa mbuzi wako wapi anasema, "Si nimewavaa?" Sasa imeota vinundu kwapani, naye ati mbuzi wameshikwa na upele, akainyunyizia dawa ya kupe, na tunakula naye meza moja hivyo hivyo. Lakini shida kubwa ni kaka yangu Gitobu, mjomba wa bibi harusi, ambaye kwa mila ana mbuzi wake mmoja, na ameapa bila huyo mbuzi hakuna harusi. "Dada, kifua, mgongo, mikono miwili, hao ndio wanne. Wangu ni mkono wa kushoto." Ameshanunua makasi. Kagwiria analia tu. Nikubali ikatwe?

Mama Kagwiria, Nkubu

Pole mama, lakini ficha hayo makasi kwanza. Sweta ya kufuma ukiikata uzi unafumuka, na mtabaki na mbuzi mmoja mrefu kutoka Nkubu hadi Karurumo.

Vinundu si upele. Kashmia mpya hutoa vinundu kidogo mahali panaposuguana, viondoe taratibu. Vikipungua ukishaifua mara chache, uzi ni mzuri, umesokotwa kwa manyoya marefu. Vikizidi tu, ni manyoya mafupi. Ivute kidogo pindoni: ikirudi mahali pake, imefumwa vizuri. Na dawa ya kupe ni sumu, mzee avue leo leo! Ifue kwa maji baridi na shampuu, usiikamue, usiitundike kwa kamba, ilaze juu ya taulo kivulini. Ukitumia maji moto itamtosha mjukuu ambaye hajazaliwa.

Lakini hata kama ni halisi, nyinyi watu wazima mlipokea nini? Kashmia haitaki mbuzi achinjwe. Anachanwa yale manyoya laini yaliyojificha chini ya yale magumu, kisha anarudi malishoni. Hao wanne wako hai huko kwao, wananyonyesha. Muchangi hakuleta mbuzi, mama. Ameleta nywele za kwa kinyozi.

Mwite mbele ya Kobia na Gitobu. Mwambie sweta ni zawadi ya baba mkwe, asante, haihesabiwi. Mbuzi waje wakitembea kwa miguu yao. Na kama hawezi kuwapata wote kabla ya Jumamosi, aanze na wa mjomba, maana ndiye mwenye makasi.