Siku Mvua Ilipopiga Mabati

Kwa mjukuu wangu Cheptoo,

Usicheke. Mama yako ni binti wa kaka yangu mkubwa, kwa hivyo mimi ni babu yako hata kama bado niko kidato cha tatu. Huku Sosiot tuko salama, na ng'ombe wa nyanya yako amezaa ndama wa kike.

Umeniuliza utapataje marafiki huko Nakuru na unaogopa kuongea. Mwaka jana nilianza kucheza na wenzangu vita vya enzi za Napoleoni, mezani, kwa askari wadogo tuliochonga kutoka vijiti vya michai. Nilijua sheria zote lakini nilinyamaza. Siku moja, upande wetu ukikaribia kushindwa, mvua ilipiga mabati hadi hatukuweza kusikizana. Nikamwandikia Kiprono, kiongozi wetu, kwenye karatasi: "Ficha wapanda farasi nyuma ya kilima." Akawaficha, kisha wakamvamia adui kwa nyuma, tukashinda. Akaandika chini yake: "Mbona hukusema mapema?" Nikaandika: "Niliogopa."

Jumamosi iliyofuata hakukuwa na mvua. Kiprono akaniuliza mbele ya wote, "Haya mzee wa karatasi, leo tufanye nini?" Wakaningoja. Nikajibu kwa mdomo.

Nawe unaweza kuanza na karatasi.

Babu yako,
Kibet